Karafuu Ile Ile

Jumatatu. Kwa daktari wa meno, chumba kizima kinanukia karafuu. Ni yujenoli, mafuta yaliyomo ndani ya karafuu, ambayo matabibu huchanganya kwenye dawa ya kuzibia jino. Kijana aliyeketi kando yangu amejikunyata. "Harufu hii tu, bibi, jino linaanza kuuma upya." Mimi roho imenitulia. Nimekulia Wete, Pemba. Kwangu karafuu ni majamvi uani na watoto tukichambua makonyo usiku kwa mwanga wa kandili. Harufu ni moja, lakini kila mmoja wetu alikutana nayo kwa mara ya kwanza mahali pake.

Jumatano. Nimesoma juu ya njia ya harufu. Sura na sauti hupitia kwanza thalamasi, kituo kilicho katikati ya ubongo. Harufu haingoji hapo. Kutoka puani hufika upesi kwenye amigdala, penye hofu na furaha, na kwa jirani yake hipokampasi, mtunza kumbukumbu. Linda Buck na Richard Axel walizitambua jeni za vipokezi vya harufu mwaka 1991, wakapata Tuzo ya Nobel mwaka 2004. Binadamu tuna aina zipatazo 400 za vipokezi hivyo. Basi si ajabu machozi yakitoka kabla hujajua umenusa nini.

Alhamisi. Kiswahili kimetenga kunuka na kunukia: silabi moja tu, na uvundo umekuwa manukato. Shombo la samaki, kila mtu atakwambia, linanuka. Lakini muulize mtoto wa mvuvi aliyekuwa akimkimbilia baba yake ufukweni alfajiri. Kikoi kile chenye shombo, kwake, kinanukia mpaka leo.

Ijumaa. Watafiti wameona kwamba kumbukumbu zinazoamshwa na harufu mara nyingi ni za utotoni, kabla ya kutimia miaka 10. Mjukuu wangu ana 6. Tunawachagulia watoto shule na chakula. Na harufu watakazozeeka nazo tuzichague pia. Leo nimetia makaa kwenye chetezo, nikaweka udi, nikatandaza kanga juu ya tenga kama alivyofanya mama. Mtoto akaingiza kichwa chini ya kanga, akakaa humo kimya. Alipotoka akauliza kama Ijumaa ijayo tutafukiza tena.

Tutafukiza.