Ng'ombe Kumi na Wawili
KIJIWENI KHARUMWA, na Kulwa Lushinge

Alhamisi niliitwa kwenye kikao cha ukoo wa jirani yangu, na hasira haijanitoka hadi naandika haya. Ajenda iliyotangazwa ilikuwa mtoto wa miaka mitano asiyesema. Ajenda yenyewe ilijitokeza baada ya chai: ng'ombe kumi na wawili wa mahari. Ukoo wa mume unawataka, mke arudi kwao na mwanawe.

Mtoto mwenyewe alikuwa chini ya mwembe, amepanga vizibo vya soda mstari mmoja, vyekundu mbele, vya njano nyuma. Ukimwita hageuki. Karasha la ng'ambo likianza kusaga mawe ya dhahabu, anaziba masikio na kulia. Akitaka kitu haonyeshi kidole. Anakukamata mkono na kukuburuta hadi kilipo. Vijineno alivyokuwa navyo akiwa na mwaka na nusu vimepotea. Nikasema, wazee wangu, huenda huu ni usonji, mtoto apelekwe akapimwe. Shangazi wa mume akanijibu kwamba jina la ugonjwa halirudishi ng'ombe.

Basi kila mtu akawa daktari. Huyu: amedekezwa, achapwe. Yule: mama alipokuwa mjamzito alimcheka bubu. Wa tatu alikwisha kwenda kwa mganga, na mganga akamtaja bibi mzaa mama. Hapo nilisimama. Serikali ilipiga marufuku wapiga ramli Januari 2015 kwa sababu ya damu ya watu wenye ualbino, na sisi wa Geita na Shinyanga tumezika vikongwe wa kutosha ambao kosa lao lilikuwa macho mekundu ya moshi wa jikoni. Bibi huyo asiguswe, nikasema. Wakaniambia nikae.

Nisiwaonee wazee wa Kharumwa peke yao. Daktari Leo Kanner alipoieleza hali hii kule Marekani mwaka 1943, kwa kuwachunguza watoto 11, hakukosa kuandika kwamba wazazi wengi aliowaona walikuwa baridi. Mwaka 1967 Bruno Bettelheim wa Chicago akatoa kitabu kizima cha kuwatwika akina mama lawama. Wakaitwa mama friji. Mama wa hapa hana friji, wala umeme wa kuliwashia, lakini lawama imemfikia vilevile.

Hadithi hiyo ilikuja kuharibiwa na watu wa aina yetu, mapacha. Mwaka 1977 Susan Folstein na Michael Rutter walichapisha utafiti wa jozi 21 za mapacha nchini Uingereza. Wale wanaofanana kabisa walikuwa wakipata usonji wote wawili mara nyingi zaidi kuliko wasiofanana. Yaani jambo hili kwa sehemu kubwa linatembea na damu. (Mimi na pacha wangu Doto hatufanani hata pua.)

Damu ina pande mbili. Baba mkwe aliapa kwamba kwao hakuna mtoto wa namna hii. Mzee huyohuyo hajawahi kukanyaga harusi yenye ngoma, huhesabu ng'ombe kila jioni kwa mpangilio uleule wa rangi, na ukimkatiza huanza upya. Mimi si daktari. Nataja tu.

Kijana mmoja akasema ni zebaki. Huyo angalau alikuwa amesikia jambo: zebaki huharibu ubongo wa mtoto tumboni, waulizeni watu wa Minamata, Japani. Kwamba ndiyo inayoleta usonji, hilo halijathibitishwa. Lakini tuseme ndiyo. Anayechomea dhahabu yenye zebaki kwenye kikaango jikoni ni nani? Mume akaanza kufunga kamba za viatu.

Katika ukoo mzima, aliyefanya la maana ni yule mama. Mtoto alipotimiza miaka miwili alimwambia nesi wa zahanati fulani kwamba mwanawe hasemi. Akajibiwa kuwa watoto wa kiume huchelewa. Mtoto akapimwa uzito, kadi ikajazwa, wakarudi nyumbani. Kilo zilikuwa nzuri! Miaka mitatu ikapotea hivyo, miaka ambayo mazoezi ya kuongea na kucheza na watu yangemfaa zaidi, maana dawa ya kuondoa usonji haipo. Leo Bugando iko palepale Mwanza, na tangu Juni 2025 daraja la Kigongo–Busisi limetuondolea foleni ya kivuko. Nikapendekeza auzwe ndama mmoja, nauli itapatikana na chenji itabaki. Nikaambiwa mifugo ya ukoo haiuzwi ovyo.

Kwa mila, mahari ikishatoka watoto ni wa ukoo wa baba. Ng'ombe wakirudi, mama huondoka na watoto. Nikauliza kuhusu dada wa mtoto huyu, mwenye miaka minane, anayeongoza darasani. Huyo abaki, akasema shangazi bila kupepesa, siku zake zikifika ataleta ng'ombe.

Kikao kinaendelea Jumapili. Nitakwenda na Doto, ambaye hana adabu.