Mama Yuko Pwani, Mtoto Yuko Garini

Ndugu wazazi, wahenga walituusia kuchukua tahadhari kabla ya athari. Juma hili na tuutazame usalama wa watoto wetu katika safari ya skuli, safari ambayo wengi wetu hatuishuhudii kwa macho.

Twende Bwejuu, Mkoa wa Kusini Unguja. Kilimo cha mwani cha biashara kilianza katika mwambao huu wa mashariki mwaka 1989, na wanaokishikilia zaidi ni akina mama. Maji ya bamvu yanapokupwa, mama huingia baharini akakaa huko saa kadhaa, akifunga na kuvuna mwani. Huenda saa hizo hizo mwanawe yumo njiani. Barabara ya lami itokayo Paje kwenda Pingwe hupita hapo kijijini, nayo hubeba daladala, pikipiki na magari ya watalii.

Simu ya mkononi sasa imeenea hata vijijini. Lakini mama aliye majini hawezi kuipokea. Mlio humpita, ujumbe wa maandishi humsubiri hadi atoke. Kwa hiyo skuli au mwenye gari atume maneno machache: "Amepanda", "Ameshuka", "Hakufika". Na kila mtoto aandikiwe namba mbili: ya mzazi, na ya jirani au shangazi abakiye nchi kavu, awezaye kutoka mara moja kumtafuta.

Neno hilo la tatu ndilo zito. Mwezi wa Oktoba 2014, mjini Abu Dhabi, mtoto wa chekechea alisahauliwa ndani ya basi la skuli, akafariki humo. Mwalimu anapoita majina asubuhi, kisha akamwarifu mzazi papo hapo kwamba mwanawe hayumo darasani, huenda saa ya kumwokoa ikawa bado ipo.

Vipo pia vyombo vifungwavyo garini ambavyo, kwa msaada wa setilaiti, huonyesha gari lilipo na mwendo wake. Ni vyema, lakini chombo hicho hakijui watoto waliomo ni wangapi. Kuhesabu ni kazi ya mtu: ahesabu wanapopanda, ahesabu wanaposhuka, kisha apite hadi kiti cha nyuma kabla ya kufunga mlango.

Wala simu isitufumbe macho. Tarehe 6 Mei, 2017, huko Karatu, mkoani Arusha, basi dogo la skuli ya Lucky Vincent lilitumbukia korongoni. Walifariki wanafunzi 32, walimu 2 na dereva. Walionusurika ni watoto 3 tu. Ujumbe kwa mzazi haupunguzi mwendo wa gari, haufungi mkanda, wala hauongezi viti. Gari lililojaa kupita kiasi likataliwe, hata kama mtoto atachelewa darasani.

Basi kamati ya skuli, sheha, wenye magari na wazazi wakae pamoja kabla ya muhula kuanza. Wakubaliane juu ya daftari la majina, namba za simu, na nani atalipia ujumbe. Gharama yake ni ndogo, lakini isipokabidhiwa mtu maalumu, kazi hiyo itakoma baada ya juma la kwanza, na mama atarudi tena kutoka pwani akiulizia mlango kwa mlango mwanawe yuko wapi.