Maji ya Mtera, Majira na Chambo



Msomaji mmoja wa upande wa Iringa ameniletea swali ambalo naona ni la wengi. Asema hivi: mwezi wa Machi alikwenda Mtera akarudi na ndoo nzima ya kambare. Mwezi wa Julai akaenda tena, mahali pale pale, ndoana ile ile, utumbo wa kuku kama ule ule, akaketi tangu alfajiri hata adhuhuri asipate hata wa kumwonjesha paka. Je, samaki wamekwisha, au amefanyiwa jambo na jirani?

Ndugu yangu, jirani yako mwache. Samaki hawakwisha, wala hukufanyiwa jambo. Maji uliyoyaacha mwezi wa Machi siyo uliyoyakuta mwezi wa Julai, na chambo cha maji yale hakifai kwa maji haya. Nami zamani nilipata kukaa siku tatu ukingoni kama wewe, nikilaumu ndoana, kisha mshipi, kisha mtu aliyeniuzia mshipi.

Kwanza yatupasa kukumbuka kwamba Mtera si ziwa la asili. Ni bwawa, na ukuta wake ulijengwa katika miaka ya 1970 kuuzuia Mto Ruaha Mkuu, mpakani mwa Dodoma na Iringa, ili maji ya mvua yawekwe akiba kwa ajili ya mitambo ya umeme ya Kidatu iliyo chini ya mto. Baadaye, mwaka 1988, Mtera nayo ikapata mitambo yake, ya megawati 80. Basi maji yale yana mabwana wawili: mvua huyaleta, na umeme huyaondoa. Bwawa likijaa, maji hufika mita 698.5 juu ya usawa wa bahari. Yakishuka hata mita 690, mitambo ya Mtera haina budi kusimama, kama ilivyosimama mwaka 2006 kwa ukame. Mita nane na nusu waweza kuziona si kitu. Lakini nchi ile ni tambarare, na maji yakipungua kidogo kwa kina, ukingo hurudi nyuma mbali sana. Mahali ulipotupa ndoana mwezi wa Machi, mwezi wa Novemba huenda mbuzi wanalisha.

Tena Ruaha Mkuu siku hizi si ule wa babu zetu. Tangu mwaka 1993 umekuwa ukikatika wakati wa kiangazi huko juu, hifadhini, ukabaki madimbwi na mchanga. Kwa hiyo miezi mingi ya mwaka bwawa hutoa zaidi ya lipokeavyo. Avuaye Mtera avua katika kikombe kinachonywewa.

Sasa tuanze na mvua. Pande zile mvua ni moja kwa mwaka, hushika mwezi wa Desemba, hata Aprili. Mito huja kwa kishindo na udongo mwingi, na maji huwa mekundu kama chai ya maziwa. Wengi wakiyaona hurudi nyumbani, wakisema samaki hawezi kuona chambo. Kweli haoni. Lakini kambare hategemei macho. Macho yake ni madogo mno, na chakula hukitafuta kwa zile ndevu nane zilizozunguka kinywa chake, ambazo kwake ni pua na ulimi pamoja. Katika maji ya matope, basi, chagua chambo kwa harufu: utumbo wa kuku uliolala siku moja, damu iliyoganda, kipande cha samaki. Hata sabuni ya kufulia. Msicheke, wavuvi wa maziwa makubwa huikata vipande wakaitia katika kamba zao za ndoana nyingi, kwa kuwa hukaa imara, huyeyuka polepole, na mafuta yake husambaa majini. Mimi siipendi. Sabuni ina mwenyewe nyumbani, naye ataiulizia. Utumbo wa kuku hauna mwenyewe ila paka.

Ndoana ya kazi hiyo iwe kubwa na nene, na chubwi liwe zito, chambo kilale chini kabisa, maana kambare hupita akipapasa tope. Mkinunua ndoana msidanganyike na namba: namba ikizidi, ndoana hupungua.

Mvua kubwa ya kwanza ikinyesha, maji yakaanza kufunika majani makavu ya ukingoni, kambare hupanda usiku hata kwenye maji yasiyofika goti, wakataga mayai yao majanini. Mayai huanguliwa kwa siku moja hivi au mbili, wala wazazi hawayalindi. Usiku huo watu hutoka na mikuki, mapanga na tochi. Ni kitoweo kingi, sikatai. Lakini hao ni wenye mayai tumboni, na kambare jike mmoja mnene hubeba mayai makumi ya maelfu. Tena mamba naye aujua usiku huo kuliko ninyi. Ngojeni siku chache, wakiisha kutaga watakuwa na njaa, nanyi mtawapata kwa ndoana mkiwa mmekaa pakavu.

Hiyo ndiyo ndoo yako ya Machi, ndugu. Majani yalikuwa yamefunikwa na maji, wadudu na minyoo wamejaa humo, kambare wamekuja kula karibu na miguu yako. Na kwa kuwa Kwaresima huangukia miezi hiyo, samaki hutafutwa sana, na mwenye ndoana mbili tu aweza kununua madaftari ya watoto.

Mwezi wa Aprili na Mei matope hutuama. Maji huwa mengi, meupe, na hapo enzi ya pua huisha, huanza enzi ya macho. Ni wakati wa perege. Huyu ni samaki wa namna nyingine kabisa: kinywa kidogo, adabu nyingi, mwenye kushtuka. Ukisimama ukingoni na kivuli chako kikamfikia, amekwenda. Tumia mshipi mwembamba, ndoana ndogo sana, na kiboya chepesi cha kipande cha bua, kwa sababu perege hamezi kwa pupa. Hudonoa, na kiboya kikizito hutajua kwamba chambo kimeliwa. Mpe minyoo midogo, au ugali uliokandwa sana hata ukawa kama gundi, au mwani wa kijani uliozungushwa kwenye ndoana. Mahali pake ni penye ile miti mikavu iliyofia majini bwawa lilipojaa, wanapokaa ndege. Mti uliokufa huota utelezi wa kijani, na utelezi huo ni chakula cha perege. Utapoteza ndoana kadhaa visikini. Hesabu hiyo uifanye kabla ya kwenda.

Wengine wameniuliza juu ya vile vijiko vya bati ving'aavyo na samaki wa mpira wauzwao mijini pamoja na fimbo za kizungu. Hivyo vimetengenezwa kwa samaki awindaye kwa macho, akimbizaye samaki wenzake. Perege si mwindaji. Weka fedha zako.

Sasa Juni na Julai. Samaki hana joto lake mwenyewe kama sisi. Maji yakipoa naye hupoa, na tumbo lake husaga polepole. Aliyekula jana asubuhi hana haja ya kula leo alfajiri. Huyakimbia maji ya ukingoni yaliyopigwa na baridi ya usiku, akashuka kwenye kina. Wewe uliketi tangu alfajiri hata adhuhuri, ukaondoka saa ile ile ambayo maji yalikuwa yanaanza kupata joto! Wakati wa baridi mvuvi alale. Aende saa tano, akae hata saa kumi, atafute kighuba kisichopigwa na upepo ambapo jua limeyapasha maji tangu asubuhi. Na chambo kiwe kidogo: mnyoo mmoja, si fundo la utumbo. Mgonjwa asiye na hamu hapewi sinia la pilau.

Kuanzia Agosti joto hurudi, na upepo wa mashariki huvuma sana. Watu huuchukia, kwa sababu hupindua mitumbwi na kuvuruga mishipi. Mtumbwi na uuache, lakini upepo wenyewe usiuchukie. Hukusanya wadudu na takataka zote zielezi ukazisukuma upande mmoja, na samaki hufuata. Ukingo unaopigwa na mawimbi, ulio wa magharibi, ndio wenye chakula, ijapokuwa ukingo uliotulia ndio wenye starehe. Maji yakizidi kupungua, mwezi wa Oktoba na Novemba, samaki wote hukusanyika katika mkondo wa zamani wa mto na mashimo yaliyobaki. Hapo ndoana hupata, na kokoro hupata zaidi.

Juu ya kokoro nina neno refu kidogo.

Perege dume huchimba mchangani shimo la mviringo kama sahani, akalisafisha kwa kinywa, akamngoja jike. Jike hutaga humo, kisha huyaokota mayai yake yote akayatia kinywani, akayalea humo hata yaanguliwe. Watoto nao huendelea kukaa kinywani mwa mama. Wakianza kuogelea huwatoa kidogo wacheze, na kivuli kikipita huwaita wakarudi ndani mbio. Yote hayo huchukua kama majuma mawili au zaidi, na siku zote hizo mama hali, au hula kidogo mno. Atakulaje, na kinywa kimejaa watoto?

Yaangalieni vema matokeo yake. Perege mwenye watoto hashiki chambo. Ukitupa minyoo mizuri mbele yake hupita asiitazame. Ndoana, bila mvuvi kujua wala kukusudia, humwacha mama ikamchukua asiye na mzigo. Kokoro halina macho hayo. Hukokotwa chini toka majini hata ukingoni, likasawazisha vile vishimo vya mchangani, likaleta mama, mtoto na yai pamoja.

Niliona jambo hili mwaloni, mwezi wa Novemba. Mama mmoja alikuwa amenunua perege wa kokoro, akawatia katika beseni la maji awasafishe. Mmoja alipominywa shavuni, vitoto vilimwagika kinywani mwake kama ulezi umwagikavyo gunia linapotoboka. Binti wa yule mama, mtoto wa darasa la pili, akaanza kuvihesabu kwa kidole, alipopita mia akachanganyikiwa akaacha. Mama akanyamaza kitambo. Kisha akamgeukia mwuzaji akamwuliza, "Na hawa nao umewauza kwa bei gani?" Mwuzaji hakujibu.

Makokoro yamekatazwa katika maji yetu ya bara; sheria ya uvuvi iliyopo ni ya mwaka 2003, pamoja na kanuni zake, na kila avuaye ajua. Lakini najua pia jibu watakalonipa vijana. Watasema: ndoana yaleta ndoo, kokoro laleta tenga, na mtoto nyumbani hali sheria. Simhukumu kijana avutaye kamba. Yeye hulipwa sehemu ndogo, na asubuhi akivuta asivute, kesho ataitwa mwingine. Mwenye kokoro mara nyingi hayuko mwaloni hata kidogo. Yuko mjini, na bwawa likiisha samaki atalipeleka kokoro lake kwenye bwawa lingine. Ninyi wa vijijini hamna bwawa lingine. Hilo lisemwe katika mkutano wa kijiji, mbele ya mwenyekiti na kamati ya ulinzi wa rasilimali za uvuvi, kwa jina la mwenye kokoro, si kwa majina ya vijana wake tu.

Neno juu ya usalama, nalo ni fupi. Msivue mmesimama majini, hata kama maji yafika kifundo cha mguu tu. Mamba haonekani kabla. Kiboko naye hutoka jioni kwenda malishoni na kurudi alfajiri, naye ana njia yake majanini, iliyochimbika kama njia ya mkokoteni. Ukiiona njia hiyo usikae juu yake wala kati yake na maji. Watoto wasitumwe kuvua peke yao saa hizo mbili, hata kama mboga hakuna.

Basi wewe uliyeuliza, Julai ijayo utahitaji minyoo, nayo wakati wa kiangazi ni adimu kuliko samaki. Ianze mapema. Chimba shimo la kina cha mkono hapo nyuma mnapooshea vyombo, ambapo unyevu hauishi, utie samadi iliyooza na majani ya migomba, ulifunike kwa gunia kuukuu lililoloweshwa. Mwagia maji kila jioni, kata moja yatosha. Na kuku wafungiwe mbali na shimo hilo, maana wakiligundua hutapata chambo tena hata Desemba.