Kingamwili Si Virusi

Wahenga walisema, "Lisemwalo lipo, na kama halipo laja." Ndugu msomaji, leo nathubutu kuwapinga wahenga.

Binamu yangu alijitolea katika majaribio ya chanjo ya UKIMWI. Baadaye alienda na wenzake kupimwa kwenye hema sokoni, kadi yake ya utafiti akiwa ameiacha nyumbani. Kipimo kikaonyesha vistari viwili. Lo! Kabla jua halijatua, mtaa mzima ulikuwa ukinong'ona. Hata mama muuza mboga akakataa kupokea pesa kutoka mkononi mwake. Aliporudi kwa madaktari wa utafiti, walipima virusi vyenyewe. Hakikuonekana hata kimoja.

Ilikuwaje basi? Kipimo cha kawaida hutafuta kingamwili, yaani askari ambao mwili huunda ukimwona adui. Chanjo ya majaribio haiwezi kumwambukiza mtu, kwani haina kirusi kizima cha UKIMWI. Ina kipande tu, au maagizo ya kukiunda kipande hicho, ili mwili ujifunze kuunda askari. Kipimo kikiwakuta askari hao, hudhani adui yumo ndani.

Labda utauliza, "Sasa mbona mgonjwa mwenye kingamwili haponi?" Hata mimi nilimwuliza mwalimu wa Bayolojia swali hilo. Kumbe kirusi hiki ni kigeugeu! Hubadilisha koti lake upesi, askari wakabaki wakimtafuta wa jana. Lakini wapo watu wachache ambao, baada ya kuishi nacho kwa miaka, huunda kingamwili hodari zinazotambua makoti mengi. Mwaka 2009 wanasayansi walitangaza mbili, PG9 na PG16, zilizotoka katika damu ya Mwafrika mmoja. Sasa wanajaribu kuufundisha mwili kuunda za namna hiyo mapema, hatua kwa hatua. Katika jaribio lililotangazwa mwaka 2022, watu 35 kati ya 36 waliochanjwa walipiga hatua ya kwanza.

Safari bado ni ndefu. Chanjo iliyojaribiwa Thailand ilipunguza maambukizi kwa asilimia 31 hivi, matokeo yakatangazwa 2009. Nyingine huko Afrika Kusini ilisimamishwa 2020 kwa kuwa haikukinga.

Wenzangu wengine husema eti tunafanywa panya wa maabara. Siyo hivyo. Binamu yangu alielezwa kila kitu, akatia sahihi, na angeweza kujitoa siku yoyote. Ila watafiti nao nawalaumu kidogo: waje sokoni na shuleni watueleze sisi majirani pia, maana sisi ndio tunaonong'ona.

Tusilale tukingoja chanjo. Usiache mbachao kwa msala upitao. Njia za kujikinga na dawa zipo. Lakini jamani, aliyetoa mkono wake uchomwe sindano kwa ajili yetu sote, tumsalimie kwa mkono huo huo.