Ukivuta Mafuta Inazima? Usilaumu Kwanza!

Dada mmoja wa Tarakea, kule Rombo mpakani, kanipigia simu analia. Pikipiki waliyonunua na mumewe kwa mkopo inaunguruma vizuri ikiwa imesimama, ila ukivuta mafuta tu, inazima. Fundi kasema injini imekufa. Mume anadai kaka wa dada huyu aliazimwa, akaiua. Sasa ndani hawasemeshani, na rejesho linasubiri.

Jamani, kabla ya kuuza pikipiki au kuvunja ndoa, angalieni kabureta! Ikiwa imesimama, injini inapata petroli kupitia kitundu kidogo. Ukivuta mafuta, inategemea jeti kubwa. Hiyo ikiziba, hewa inaingia nyingi, petroli haitoshi, inazima.

Vuta choki nusu: ikipata nguvu, ujue ina njaa ya petroli. Legeza mfuniko wa tangi: ikikubali, tundu la kupumulia limeziba. Kisha safisha chujio la petroli, na jeti ipulizwe kwa upepo. Msichokonoe kwa waya, utapanua tundu.

Plagi ikiwa nyeusi kwa masizi, hapo petroli imezidi. Safisheni chujio la hewa. Tena Tarakea iko juu kuliko Moshi mjini, hewa ni nyepesi; pikipiki iliyosetiwa bondeni inaweza kulewa petroli ikipanda huko.

Shemeji, shika bisibisi. Dada, mulika tochi. Fanyeni nje, sigara na mshumaa mbali. Huyo kaka mtamjadili baadaye, kama bado ana kosa.