Kibaya Chajitembeza: Lugha ya Kuuzia Vifaa Vilivyotumika

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, wahenga walinena. Hawakuijua rununu. Siku hizi vyote viwili hujitembeza, tena bega kwa bega. Muhula ukikaribia tamati mjini Kisii, katika mitaa kama Mwembe na Jogoo, wanafunzi wanaofunga virago huvianika mtandaoni vyombo wasivyovihitaji: magodoro, meko ya gesi, meza za kusomea, tarakilishi. Wapo wanaotumia Jiji, kampuni iliyoichukua OLX nchini Kenya mwaka wa 2019, na wapo wanaotegemea Facebook na makundi ya WhatsApp. Mnunuzi aweza kuwa chumba cha pili au Nyamira. Pesa husafiri kwa M-Pesa. Kinachobaki nyuma ni maneno, na hayo ndiyo yaliyonitoa kimya.

Nami sina mikono safi. Mwaka nilipohitimu niliuza jokofu dogo. Niliandika kwamba lilikuwa "katika hali nzuri sana, halijatumika sana". Mwalimu mmoja mstaafu alipanda matatu kutoka Keroka, ule mji ulioketi mpakani mwa kaunti za Kisii na Nyamira. Alipofika aliufungua mlango, akapitisha kidole kwenye mpira wake na kukikuta umechanika upande wa chini. Hakunikaripia. Aliniuliza tu, "Mwanangu, hili hukuliona, au hukuwa na neno lake?" Nilimrudishia nauli, naye akaondoka. Swali lake halikuondoka.

Neno nilikuwa nalo. Sisi wanafunzi wa Kiswahili tunalo, ila hatulitumii. Mnunuzi aendaye soko la Daraja Mbili hukitikisa kiti, hukigeuza, hugonga sufuria kwa ukucha na kusikiliza. Mtandaoni mikono hiyo imekatwa, na picha hupigwa upande usio na dosari. Maelezo ndiyo pekee yanayoweza kushika nafasi ya vidole. Basi tazama utajiri tulioukalia. Kioo huweza kuwa kimeatuka, kimepasuka au kimevunjika, na hizo si hali moja. Rangi ya kitambaa huchujuka kwa kufuliwa na hupauka kwa jua. Ubati wa meko hubonyea, rangi yake huchubuka au hubambuka. Ukingo wa sahani humeguka. Mshono wa kochi hufumuka, bali ngozi yake huchanika. Mnyambuliko wenyewe una hekima: kauli ya kutendeka hutaja dosari bila kumtaja aliyeisababisha. Muuzaji husema kweli na staha yake ikahifadhika. Badala ya hazina hiyo, matangazo mengi hunakili kaulimbiu mbili tatu za Kiingereza zinazofaa kiatu, gari na kitanda kwa pamoja, yaani hazifai chochote.

Hata jina la jumla linatutatiza. Mtumba kwa asili ni robota, mzigo uliofungwa. Neno likahamia kwenye nguo zilizomo, kisha kwenye kila kitu kilichowahi kuwa na mwenyewe. Lakini meza uliyoisomea miaka minne haijawahi kuingia katika robota lolote, na historia yake unaijua wewe. Kuiita mtumba ni kuifuta historia hiyo. Afadhali kusema imetumika, tena kwa muda gani. Na ikiwa ni kuukuu, isemwe ni kuukuu. (Kitanda ni suala jingine. Katika jamii ya Abagusii, ambako chinsoni humzuia baba kuingia nyumbani mwa mwanawe aliyeoa, picha ya kitanda cha ndoa ikianikwa mbele ya kundi lenye wakwe na wajomba huleta fadhaa isiyotibiwa na bei nafuu. Hilo nawaachia wanaisimujamii.)

Atatokea wa kusema kwamba haya ni mapambo ya wanalugha. Si mapambo. Katika Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31 ya sheria za Kenya, kifungu cha 16 kinatoa ulinzi finyu kuhusu ubora, na sehemu kubwa ya ulinzi huo inamhusu muuzaji ambaye kazi yake ni kuuza bidhaa za aina hiyo. Mwanafunzi anayeuza jokofu lake moja hayumo humo. Lakini kifungu cha 15 kinataka bidhaa inayouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo hayo. Kwa hiyo, baina ya watu wawili wasiojuana, sentensi ya tangazo ndiyo karibu dhamana yote aliyo nayo mnunuzi. Tangazo lisilosema kitu humwacha mikono mitupu.

Pingamizi lililo zito zaidi ni la mfuko: anayezitaja dosari hupata bei ya chini. Nakiri ni kweli. Sina hila ya kulikwepa, wala sidhani kuwa uaminifu hulipa kila mara. Ninachodai ni kwamba nauli ya kutoka Keroka nayo ni fedha, na aliyeilipa ni mtu aliyeyaamini maneno yangu.

Juma lile niliandika tangazo upya: "Jokofu dogo, limetumika miaka mitatu. Linagandisha vyema. Mpira wa mlango umechanika chini, kama urefu wa kidole. Rangi imechubuka ubavuni. Rafu moja imeatuka." Nilipunguza bei kwa shilingi 1,500. Siku ya tatu alipiga simu kijana kutoka Nyamira. Hakuuliza kama ni zima. Aliuliza upana wa ule mchaniko, kisha akaomba aelekezwe njia.