Chuma Hakichagui Mkono

Wako wasemao kwamba uhandisi wa mitambo haumfai mwanamke kwa kuwa chuma ni kizito. Hoja hii ni dhaifu. Chuma kizito huinuliwa kwa winchi, si kwa misuli. Na unene wa ekseli hupatikana kwa hesabu, si kwa ndevu. Chuo Kikuu cha Moi, kilichoanzishwa mwaka 1984 karibu na Eldoret, hufundisha elimu hiyo wavulana na wasichana, na mtihani wao ni mmoja. Basi, kwa haki gani mwajiri ye yote ampe mvulana spana, na msichana aliyefaulu mtihani ule ule ampe birika la chai? Ewe msomaji, mashine iliyoharibika haimwiti mwanamume, humwita ajuaye. Nchi isomeshayo mabinti zake kisha ikawanyima kazi hulima shamba na kuacha mavuno yaoze.